Kuiamsha Motokaa ya Mbio

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu chenye nguvu hakihitaji kubembelezwa. Baiskeli kuukuu, husema, ndiyo ipakwe mafuta na kusukumwa taratibu. Bali motokaa ya mbio, iliyoundwa makusudi ili izipite nyingine zote, hutiwa ufunguo tu ikaenda zake. Katika insha hii nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu kwamba mambo ni kinyume kabisa. Kadiri kitu kilivyoumbwa kwa mwendo mkali, ndivyo kinavyotaka kuamshwa kwa upole. Sitayathibitisha hayo kwa maneno ya vitabuni peke yake, bali kwa motokaa moja niliyoiona kwa macho yangu, iliyolala wiki nane katika ghala ya mahindi kwetu Busiu, mwaka 2020.

Kwa wale wasiopafahamu, Busiu ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Tororo kwenda Mbale. Kutoka kwetu hadi Mbale ni kama kilomita 20. Ukisimama penye maduka ukatazama upande wa mashariki, utauona mlima Masaba, ambao katika ramani huitwa Elgon, umejifunika mawingu yake. Watu wetu ni wakulima wa ndizi, mahindi na maharagwe. Barabarani hupita malori, mabasi na bodaboda mchana kutwa, lakini motokaa ya mbio ni kitu cha kuwatoa watoto mashambani.

Motokaa hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye kazi yake iko Jinja. Ni Subaru Impreza ya rangi ya buluu, si mpya hata kidogo, lakini ina injini ya turbo, na sauti yake ya kunguruma huitambulisha kabla hujaiona. Mjomba aliinunua kwa akiba ya miaka mingi, akashindana nayo mara mbili tatu katika mashindano madogo. Hakupata kikombe, lakini alipata elimu kubwa ya injini, nayo ndiyo iliyotusaidia baadaye.

Inafaa niseme kidogo juu ya asili ya mapenzi haya, maana si mjomba peke yake mwenye ugonjwa huo. Mashindano makubwa ya Safari yalianza mwaka 1953, mwaka ule Malkia Elizabeth alipotawazwa, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja katika mabingwa wake wakuu, Shekhar Mehta, alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1973 alishinda akiwa na Datsun 240Z, naye alifungana pointi sawasawa na Harry Källström, hata ikabidi kutazama nani aliyekwenda mbali zaidi bila kosa ndipo mshindi ajulikane. Kisha Mehta akashinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Impreza nazo zilipata zamu yao: Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Mjomba huyasimulia haya kama wazee wasimuliavyo ukoo wao, wala hakosei mwaka hata mmoja.

Basi, Jumamosi tarehe 28 Machi 2020 mjomba alikuja Busiu kumletea bibi dawa na sukari. Wakati ule ugonjwa wa korona ulikuwa umekwisha ingia nchini. Shule zote zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 20, na mabasi na teksi zilikuwa zimezuiwa. Mjomba alikusudia kurudi Jinja siku ya Jumanne. Lakini Jumatatu usiku, tarehe 30, Rais alitangaza katika redio kwamba motokaa za watu binafsi nazo zisionekane tena barabarani. Mjomba akazimia redio njiani, katikati ya hotuba, akakaa kimya. Mkewe alikuwa Jinja, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu, naye alikuwa na mimba ya miezi saba.

Tukaisukuma motokaa mpaka ndani ya ghala. Mjomba hakuvuta breki ya mkono, kwa kuwa breki ikikazwa muda mrefu wakati wa mvua huweza kushikana na chuma cha gurudumu. Badala yake alitia gia na kuweka mawe mbele na nyuma ya matairi. Tuliambiwa tungoje siku 14. Siku hizo zilipokwisha tukaongezewa nyingine, na nyingine tena. Mvua za masika zikashuka kutoka mlimani, mahindi yakaota yakarefuka, na motokaa ikalala pale pale.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka 14, nisiye na shule ya kwenda, kwa hiyo nilimwuliza mjomba maswali mengi. Nilimwuliza kwa nini asiiwashe kila siku dakika mbili tatu, ili isisahau kazi yake. Akanijibu, "Mpwa wangu, hiyo ni kumwamsha mgonjwa na kumnyima uji. Injini ikiungua mafuta hutoa mvuke wa maji. Ikienda mwendo mrefu hupata moto, mvuke wote ukatoka. Lakini ukiiwasha dakika mbili ukaizima, maji yale hubaki ndani, katika oili na katika bomba la moshi, yakaanza kula chuma. Iache ilale kabisa, au iamke kabisa."

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba motokaa iliyosimama haipumziki kama mtu apumzikavyo. Kila sehemu yake hupata dhara lake. Oili, ambayo ndiyo damu ya injini, hushuka chini yote, ikaviacha vyuma vya juu vikavu. Tairi hupungua upepo, na mahali pale panapokandamizwa na uzito pakawa bapa. Diski za breki, zilizokuwa zikimeta, huota kutu kwa usiku mmoja wa unyevu. Tangi lisilojaa hupata maji, kwa sababu hewa iliyomo hupoa usiku na kutoa umande. Na betri hunyonywa kidogo kidogo na saa na king'ora, vitu visivyolala hata motokaa ikilala. Laiti waya wa hasi wa betri ungaliondolewa siku ya kwanza, betri ingalisalimika. Lakini siku ya kwanza nani aliyejua kwamba siku 14 zitakuwa wiki nane?

Mwishowe ikatangazwa kwamba tangu tarehe 26 Mei motokaa binafsi zingeruhusiwa tena, pasipo kuzidi watu watatu ndani pamoja na dereva, ila katika wilaya za mipakani. Tororo ilikuwa ya mpakani, kwa hiyo njia yetu ya kusini ilibaki imefungwa. Lakini upande wa Mbale ulikuwa wazi, na kutoka Mbale mtu aweza kushika barabara ya Tirinyi hadi Iganga na Jinja. Mabasi na teksi bado yalikuwa yamekatazwa. Mkewe mjomba alikuwa amekaribia mwezi wa tisa, wala hakuwa na ndugu wa karibu pale Jinja. Kila jioni mjomba alimpigia simu, na kila baada ya simu alikwenda ghalani kuitazama motokaa kama mtu anayemtazama punda wake kabla ya safari.

Fundi wetu wa Busiu ni mzee Mwislamu, mwenye mikono iliyoingia oili hata haitoki. Jumapili tarehe 24 ilikuwa Idi, basi akaja Jumatatu asubuhi, na baiskeli yake na mfuko wa spana. Mjomba alimsalimu, na kabla hawajamaliza salamu vijana wa jirani walikwisha jaa mlangoni kila mtu na shauri lake. Mmoja alisema isukumwe mpaka mteremkoni iwake yenyewe. Mwingine alisema pale penye maduka kumesimama lori la unga, na dereva wake ni mtu mwema. Liletwe, betri zake ziunganishwe na ya Subaru kwa nyaya, na baada ya dakika tano mjomba awe tayari.

Mjomba alimtazama fundi. Nilijua ya kuwa moyo wake ulikuwa Jinja, na shauri la lori lilikuwa tamu. Lakini fundi alitikisa kichwa. "Ndugu yangu," alisema, "lori lile lina betri mbili zilizofuatana, jumla yake volti 24. Motokaa yako ni ya volti 12, na ndani yake mna kompyuta inayoamuru injini. Ukiipa 24 utaiunguza, na hapo hutakwenda Jinja leo, wala kesho, wala mwezi ujao." Tena akasema kwamba hata ingekuwepo motokaa ndogo ya volti 12 ya kutuazima nguvu, bado asingeanza na betri. Angeanza na macho.

Akafungua milango yote miwili ya ghala, mbele na nyuma. Aliniambia moshi wa motokaa una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliofunga mlango wakidhani wanajikinga na baridi. Kisha akalala chini kutazama kama kuna tone la oili, la maji au la breki. Hapakuwa na kitu. Akatia kidole katika bomba la moshi, akatoa kidongo cha udongo mkavu: nyigu walikuwa wamejenga nyumba. Ndipo akafungua boneti.

Hapo kila mtu alinyamaza. Ghala ya mahindi ni ghala ya panya, nao panya walikuwa wamepata nyumba kavu yenye paa la chuma. Juu ya injini, karibu kabisa na turbo, palikuwa na kiota kikubwa cha maganda ya mahindi, nyuzi za gunia na karatasi, vyote vikavu kama tumbaku. Wasomaji wajue kwamba turbo huzungushwa na moshi wenyewe wa injini, nayo hupata moto mkali kupita jiko la mkaa. Injini ile ingaliwashwa kwa haraka, ikaenda mwendo wa nusu saa kwenye barabara ya Tirinyi, kiota kile kingalishika moto, na motokaa ingaliungua pamoja na dereva wake. Yule kijana wa shauri la lori aliondoka mlangoni taratibu, akaketi juu ya kinu.

Fundi alikitoa kiota mpaka unyasi wa mwisho, akapuliza mahali pote kwa pampu. Akafuata nyaya moja moja kwa vidole, akapata waya mmoja umetafunwa, ule wa kifaa kinachopima hewa iingiayo katika injini. Akauunga, akaufunga utepe. Akafungua kichujio cha hewa, akakung'uta. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, akakisoma. Maji ya rejeta akaongeza kidogo. Ya breki yalitosha. Tairi zote nne zilikuwa zimepungua upepo, na kazi ya kuzijaza nilipewa mimi, kwa pampu ya mguu ya mwenye bodaboda mmoja. Mpaka tairi ya nne paja langu lilikuwa likitetemeka lenyewe.

Ndipo ikaja zamu ya betri. Mita ilionyesha volti 11.2, na betri iliyoshiba huonyesha 12.6 hivi. Mtu asiyejua atasema pungufu ni kidogo tu. Kumbe betri ya 11.2 ni tupu kabisa. Na betri ya risasi ikikaa tupu muda mrefu, chumvi ya risasi hugandamana katika vibati vyake, ikawa haipokei tena umeme. Dawa yake ni kulishwa pole pole, kwa saa nyingi. Pale penye maduka palikuwa na mtu mwenye mashine ya kuchaji. Tukaifunga betri nyuma ya baiskeli, mimi nikaishika, fundi akasukuma. Mwenye mashine akasema, "Mpaka kesho asubuhi." Mjomba akauliza kama haiwezekani jioni ile. Yule mtu akamjibu kwamba inawezekana kuilisha kwa nguvu, lakini itachemka, na huenda ikawasha motokaa mara moja tu.

"Mara moja haitoshi," mjomba akasema. "Nikizima njiani nitawashia nini?" Akaiacha.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Amri ya kutotoka ilianza saa moja jioni, na hakuna aliyeweza kutembea hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mjomba alipiga simu Jinja mara mbili. Mara ya pili alizungumza kwa sauti ndogo, na alipomaliza alimwambia bibi kwamba miguu ya mkewe imevimba, na jirani mmoja amekuja kulala naye. Bibi akamwambia, "Mwanangu, aliyekuzaa wewe alikwenda hospitali kwa miguu, akafika." Sijui kama neno hilo lilimtuliza, lakini alicheka.

Jumanne tarehe 26 Mei, mara amri ilipokwisha, tulikwenda kuchukua betri. Mita ilionyesha 12.7. Fundi akasugua vichwa vyake vyeupe kwa maji moto, akafunga chanya kwanza, kisha hasi. Mjomba akatia petroli mpya kutoka jerikeni juu ya ile ya zamani, maana petroli ya wiki nane haijaharibika, lakini mpya huitia nguvu. Vijana walikuwa wamerudi, na safari hii hata mmoja hakutoa shauri.

Nilidhani sasa ufunguo utazungushwa na mambo yamekwisha. La. Mjomba alifungua kisanduku cha fyuzi, akaitoa ile ya pampu ya petroli. "Sasa itazunguka bila kuwaka," akaniambia. "Tunaipa oili kwanza." Akakanyaga klachi ili stata isibebe mzigo wa gia, akazungusha ufunguo kwa sekunde chache, akaacha. Akangoja kidogo stata ipoe, akazungusha tena. Mara ya tatu ile taa nyekundu ya oili ikazimika. Oili ilikuwa imepanda, ikavifikia vile vyuma vya juu na beringi za turbo. Hapa ndipo penye siri ya motokaa ya mbio. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake hauguswi na chuma kingine, unaelea katika utando mwembamba wa oili. Injini ya lori la zamani ikianza kikavu huumia kidogo, ikaendelea na kazi yake miaka mingi. Turbo ikizungushwa kikavu, yaweza kufa kabla hujafika barabarani.

Fyuzi ikarudishwa. Mjomba akazungusha ufunguo bila kugusa pedali ya mafuta. Injini ikajikohoza mara mbili, ikanyamaza. Akangoja. Akazungusha tena, ikawaka. Wingu la moshi wa buluu likatoka nyuma, na watoto wakakimbia wakipiga kelele. Bibi akashika kichwa. Lakini fundi alikuwa akitabasamu. Alieleza kwamba katika injini ya Subaru pistoni hazisimami wima, bali zimelala ubavuni, mbili huku na mbili huku, zikielekeana kama watu wapiganao ngumi. Basi ikikaa muda mrefu, oili kidogo hupenya ndani ya silinda, na ikiwashwa huungua kwanza. Baada ya dakika moja moshi ukakatika, na ile sauti ya kunguruma ikajaa ghala yote.

Na bado mjomba hakwenda. Aliiacha ingurume yenyewe kwa dakika kadhaa, akitazama taa ya oili na mshale wa joto, huku fundi akipita na tochi kutafuta mahali panapovuja. Kisha akaitoa nje taratibu, akaiendesha mbele na nyuma uani, akikanyaga breki. Diski zilipiga kelele ya kutu mara tatu nne, zikanyamaza. Akatuambia kwamba kilomita za kwanza ataenda kama mwenye mkokoteni wa mayai, mpaka oili ipate moto na tairi zirudi kuwa mviringo, ndipo aiache ijinyooshe.

Bibi alipakia mikungu miwili ya ndizi na kuku mmoja. Mjomba akamlipa fundi, naye fundi akazihesabu, akamrudishia nusu. "Hizi mnunulie mtoto," akasema. Motokaa ikaingia barabara kuu, ikageuka upande wa Mbale kwa mwendo mdogo hata baiskeli moja ikaipita, na yule mwenye baiskeli akageuka nyuma kuhakikisha kwamba ameipita Subaru kweli. Saa nane mchana simu ililia: mjomba amefika. Mtoto wa kike alizaliwa baada ya siku tisa, na baba yake ndiye aliyempeleka mama hospitali, usiku, kwa motokaa iliyowaka mara moja.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili mara nyingi, hasa shule zilipofunguliwa. Kwa maana motokaa ililala wiki nane, lakini sisi wanafunzi wa Uganda tulilala karibu miaka miwili. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na ingawa madarasa mengine yaliitwa kidogo katikati, hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Watu wengi wakati ule walikuwa na shauri la lori: muda umepotea, tuwape wanafunzi volti 24, vipindi usiku na mchana na mitihani kila wiki, watafika. Nimesikia habari za shule moja iliyofanya hivyo wiki ya kwanza, na kabla ya Pasaka vijana wengi walikuwa wamerudi kwenye bodaboda zao. Hawakuwa wajinga. Walizungushwa kabla oili haijapanda.

Mimi nilibahatika kupata mwalimu wa hesabu aliyekuwa na akili ya fundi wetu. Siku ya kwanza hakuandika neno ubaoni. Alitupa karatasi, akasema tuandike kila tunachokumbuka na kila tulichosahau, wala tusitie majina yetu. Yeye naye alikuwa akilala chini kutazama panapovuja. Wiki tatu nzima alirudia sehemu ambazo tulizisoma tukiwa wadogo. Wengine walinung'unika kwamba anatuchelewesha. Baadaye mwendo ulipoanza, tulikwenda.

Katika darasa letu alirudi msichana mmoja aliyekwisha kuwa mama. Serikali ilikuwa imeagiza kwamba wasichana kama yeye wapokewe, lakini agizo la Serikali ni kama ufunguo: lafungua mlango, halipandishi oili. Miezi ya kwanza alikaa nyuma, hajibu swali hata analolijua. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa mwalimu yule alitukataza kwa macho tu. Na wasichana wawili walikuwa wakimnakilia masomo siku alizobaki nyumbani na mtoto mgonjwa. Katika muhula wa tatu alianza kunyoosha mkono. Leo yuko nami kidato cha tano, na katika kemia ananipita, tena kwa mbali.

Ndugu zangu wanafunzi, wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wengi wetu tumeichukua methali hiyo kuwa ni kinga ya uvivu. Siyo. Fundi yule hakukaa bure hata dakika moja, na mjomba alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote wa Busiu siku ile. Tofauti ni kwamba walijua kazi ipi itangulie. Kiota kitolewe kwanza, kisha waya uungwe, kisha betri ilishwe, kisha oili ipande, ndipo moto uwake. Mtu akiruka hatua moja kwa sababu ana haraka, atairudia kwa gharama kubwa, kama motokaa haijaungua.

Basi ukimwona mwenzako amerudi shuleni baada ya ugonjwa, au msiba, au kukosa karo mwaka mzima, usimsukume mteremkoni. Na usimdharau kwa kuwa baiskeli zinampita. Huenda ni motokaa ya mbio, nayo bado inapata moto.